Kuufufua mji mkongwe mtaa kwa mtaa: anzeni na paa, rangi itakuja

Kila baada ya miaka michache mji wa kale hupata mfadhili. Warsha hufanyika hotelini, picha hupigwa, kuta za mbele hupakwa chokaa jeupe, na masika ya pili yakishapita rangi inabanduka na mambo yanarudi palepale. Mwongozo huu ni kwa wale wanaobaki mtaani baada ya warsha kwisha: wakaazi, wenye maduka, warithi, mafundi, masheha (viongozi wa serikali wa mitaa kule Zanzibar) na vijana wa barazani. Mifano mingi nimeitoa Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa kuwa ndio ninaoujua. Mtu wa Lamu, Mombasa au Bagamoyo atabadilisha majina ya ofisi tu, kazi ni ileile.

Tuelewane kwanza juu ya ugonjwa wenyewe. Mji Mkongwe una majengo yapatayo 1,700. Mamlaka ya uhifadhi iliundwa 1985, mpango wa uhifadhi ukaandaliwa 1994 kwa ushirikiano na Aga Khan Trust for Culture, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, mwaka mmoja kabla ya Lamu. Kwa hiyo sheria, ramani na sifa tunazo. Hata hivyo nyumba zinaendelea kuanguka, na ukichunguza utakuta zinauawa na vitu viwili: maji, na kukosekana kwa mtu wa kuulizwa. Hatua zote zifuatazo zinapambana na hivyo viwili.

Hatua ya 1: Chagueni eneo mnaloweza kulimaliza

Msiseme "tunaufufua mji". Semeni "tunashughulikia uchochoro huu, kuanzia msikitini mpaka kwenye duka la kona". Nyumba 20 au 30 zinatosha. Eneo dogo lina faida moja kubwa: watu wanajuana, na mtu anayejulikana huona haya kukwepa mchango. Chagueni mahali ambapo tayari pana uhai kidogo, duka la mikate, kinyozi, skuli au madrasa, kuliko pembe iliyokwisha kufa kabisa. Pembe hiyo mtaifikia baadaye mkiwa na kitu cha kuwaonyesha watu.

Hatua ya 2: Pigeni mtaa kwa daftari

Kazi hii haihitaji mtaalamu, inahitaji watu wawili wenye subira na simu ya kupigia picha. Kwa kila nyumba andikeni: nani anakaa, wangapi, ghorofa gani, chini pana biashara gani, nyumba ni ya nani, na maji yanaingilia wapi.

Swali la nyumba ni ya nani ndilo litakalowachelewesha. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilichukuliwa na serikali, zikagawiwa vyumba, wakaingia watu kutoka Pemba, kutoka shamba na kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji. Nyingine ni za wakfu na ziko chini ya Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Nyingine ni za watu binafsi, lakini huyo mtu binafsi ukimtafuta unakuta ni warithi kumi na moja: watatu wako Dar es Salaam, wawili Muscat, mmoja London, na waliobaki hawasalimiani. Andikeni yote hayo bila kuhukumu. Tengeni safu nne daftarini: ya serikali, ya wakfu, ya mwenyewe mmoja, ya warithi. Kila safu ina mlango wake wa kubisha hodi, na mkichanganya milango mtapoteza mwaka mzima.

Swali la maji linajibiwa kwa macho na mkono. Simama mbele ya ukuta ulioharibika uuangalie kwa makini. Ukiona plasta imevimba, na chini yake unga mweupe unaodondoka kama unga wa sembe, hiyo ni chumvi iliyosukumwa nje na unyevu. Gonga kwa kifundo cha kidole. Pakilia uwazi, plasta imeshaachana na jiwe. Sasa inua macho uufuate unyevu mpaka juu: utakuta mfereji uliotoboka baina ya mabati mawili, bomba la choo lililopitishwa ukutani, kiyoyozi kinachodondosha maji mchana kutwa mahali pamoja, au tangi la plastiki lililowekwa juu ya dari ya boriti. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, na boriti zile ziliwekwa na mtu aliyekuwa akifikiria watu, vitanda na masanduku.

Hatua ya 3: Undeni kamati ambayo watu wataiogopa kidogo

Kamati ya watu wema tu haifanyi kazi. Mnahitaji sheha au msaidizi wake, mwakilishi wa wenye maduka, imamu au mtu anayesikilizwa msikitini, fundi mmoja wa zamani, kijana anayejua mambo ya simu na hesabu, na wanawake wasiopungua nusu, kwa sababu wao ndio wanaoshinda ndani ya nyumba hizo na wanajua chumba kipi kinavuja saa ngapi. Kikao kiwe barazani au uani, baada ya alasiri au baada ya isha, kufuatana na walivyokubaliana akina mama. Kikao cha saa nne asubuhi katika ukumbi wa hoteli huvutia watu wa posho.

Wekeni katiba fupi ya kurasa mbili, akaunti yenye saini tatu, na ubao wa matangazo mahali watu wanapokunywa kahawa. Kila shilingi iliyoingia na kutoka ibandikwe hapo kila mwezi. Kahawa na hesabu za wazi ni ukaguzi mkali kuliko wa ofisi yoyote.

Mkiweza, mlipeni mtu mmoja hata nusu ya siku awe mratibu. Marekani walijaribu kufufua barabara kuu za miji midogo kuanzia 1977 katika miji mitatu, Galesburg, Madison na Hot Springs, kisha National Trust, shirika lao la uhifadhi, ikaufanya kuwa mpango wa nchi mnamo 1980. Walikuwa na mengi, lakini nguzo mojawapo ya mpango ilikuwa mtu wa kulipwa ambaye kazi yake ni kuzunguka dukani mpaka dukani, kuwakumbusha watu walichoahidi. Kujitolea kunachoka. Mtu wa kulipwa mtamfuata mumuulize.

Hatua ya 4: Nendeni kwa mamlaka kabla mamlaka haijaja kwenu

Mji Mkongwe una sheria yake ya 2010 na mamlaka yake. Ukibadilisha dirisha, ukiongeza ghorofa au ukitoboa ukuta wa nje bila kibali, unaweza kusimamishwa kazi ikiwa katikati, na nyumba iliyoezuliwa paa kisha kazi ikasimama ni msiba. Lamu na Mombasa mnaanzia kwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na kaunti.

Pelekeni daftari lenu. Afisa aliyezoea kuletewa malalamiko huona raha akiletewa orodha. Ombeni mambo matatu: mkaguzi apite pamoja nanyi siku moja, matengenezo madogo ya mtaa mzima yaombewe kibali kwa pamoja badala ya nyumba moja moja, na mpewe kwa maandishi yale yasiyoruhusiwa.

Msidhani masharti ya urefu na umbo ni ya wanyonge tu. Jumba la kale la Mambo Msiige, pale mtaa wa Shangani, lilipofanywa hoteli, jengo jipya lililoongezwa pembeni lilizua mvutano mrefu na Kamati ya Urithi wa Dunia kwa ukubwa wake. Mwekezaji akija mtaani kwenu, mwombeni michoro mapema, mkaipime dhidi ya nyumba za jirani kabla msingi haujachimbwa. Jengo likishasimama mabishano huwa ya makaratasi tu.

Hatua ya 5: Paa, mifereji, kisha ukuta

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa, kuta nene, na dari za boriti za mikoko. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, kiasi cha mita 2.5 hadi 3. Ukuta wa namna hii unakunywa maji na kuyatoa. Ukiupiga plasta ya saruji unaufunga kinywa: maji yanabaki ndani, udongo unalainika, vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vinaoza, na siku moja dari inashuka. Fundi atakwambia saruji ni imara zaidi. Ni kweli, na huo uimara ndio tatizo, kwani jiwe laini na udongo haviwezi kwenda sawa na kitu kigumu namna hiyo.

Mpangilio wa kazi uwe hivi. Kwanza tegemezeni: kabla ya kugusa chochote kwenye nyumba yenye nyufa kubwa, mhandisi aone na miti ya kuegemeza isimamishwe, na watu wa chini wahamishwe kwa muda. Hili si la kupuuza. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe lililojengwa na Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, na watu wawili walipoteza maisha.

Pili, paa. Badilisheni mabati yaliyotoboka, na hasa shughulikieni mfereji wa baina ya nyumba na nyumba, ambao kila jirani huamini ni wa mwenzake. Huo mfereji uwe wa kwanza kugharamiwa na mfuko wa mtaa, kwa kuwa hauna mwenyewe na unaua nyumba mbili kwa mpigo.

Tatu, mabomba. Toeni mabomba ya maji na ya choo ndani ya kuta, yapitishwe nje ya ukuta mahali panapoonekana yakivuja. Hayapendezi, najua. Yapakwe rangi ya ukuta.

Nne, boriti zilizooza zibadilishwe moja moja, na ulizeni zilikotoka: mikoko hukatwa kwa kibali, na boriti za magendo zitawaletea kesi.

Ndipo ukuta. Bomoeni plasta ya saruji taratibu, acheni jiwe likauke hata kwa miezi, kisha pigeni plasta ya chokaa na mchanga. Kipimo cha kawaida ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Chokaa kizimwe kwa maji na kilale shimoni wiki kadhaa, na kikilala zaidi ndiyo bora zaidi. Plasta mpya inanyunyizwa maji na kufunikwa magunia isipigwe na jua. Fundi anayetaka kumaliza ukuta kwa siku mbili mwambieni asante.

Mafundi wa chokaa wamepungua, kwa hiyo katika kila mkataba andikeni kwamba fundi mkuu atafuatana na vijana wawili wa mtaa, wanaolipwa. Jumba la Zahanati ya Zamani karibu na bandari, lililojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan mwishoni mwa karne ya 19, lilipokarabatiwa miaka ya 1990, mafundi wa hapa walipata ujuzi humo humo kazini. Jengo moja likageuka darasa. Hata nyumba yenu ya vyumba vinne inaweza.

Hatua ya 6: Pesa kwa tabaka

Msingojee mfadhili mmoja. Jengeni mfuko kwa tabaka, na tabaka la kwanza liwe lenu wenyewe.

*Mchango wa maduka.* Tuseme maduka 20 yanatoa shilingi 10,000 kila wiki. Kwa mwaka ni shilingi 10,400,000. Haitengenezi nyumba, lakini inatengeneza mifereji, taa na ulinzi. Tena inawapa kauli: mkienda kwa benki, hoteli au ubalozi mnaenda na daftari la michango.

*Makubaliano ya kodi.* Wapangaji wengi wanalipa kodi ndogo sana, na mwenye nyumba, awe serikali au wakfu, hujibu kwamba kodi hiyo haitengenezi hata mlango. Wote wawili wako sawa. Njia ya kati ni mpangaji kugharamia sehemu ya matengenezo na kurejeshewa kwa kukatwa kodi. Chukueni mfano: kodi ni 60,000 kwa mwezi, mpangaji ametoa 1,440,000 kwa ajili ya paa, na inakatwa nusu ya kodi. Hapo atarejeshewa kwa miezi 48. Basi mkataba usipungue miaka minne, uandikwe, uwe na picha za kabla na baada, na usainiwe mbele ya shahidi. Bila karatasi mtu anatengeneza paa leo na kuhamishwa mwakani, na mtaa mzima hautatengeneza tena kitu.

*Chini kilipie juu.* Duka la ghorofa ya chini kwenye njia ya watalii lilipe kodi ya soko, na sehemu maalumu ya kodi hiyo iingie mfuko wa paa la nyumba hiyohiyo. Kwa nyumba za wakfu hili linaendana na nia ya aliyeweka wakfu, maana jengo likianguka hata thawabu ya kodi inakatika.

*Warithi walioko nje.* Waandikieni kundi la familia kwenye simu, watumieni picha ya boriti iliyooza pamoja na makisio ya fundi ya kuzuia isianguke. Msiwaombe "mchango wa maendeleo". Waombeni shilingi kadhaa kwa boriti kadhaa. Watu hutoa kwa kitu kinachohesabika.

*Wafadhili na wawekezaji.* Waje mwisho, wakute mfuko una kitu. Waombeni vitu vikubwa ambavyo mtaa hauwezi: mifumo ya maji machafu, ukuta wa bahari, jengo la umma. Bustani ya Forodhani ilivyofanywa upya na kufunguliwa tena 2009 ni kazi ya ukubwa huo. Kwa mwekezaji wa hoteli, mwekeeni masharti kwenye mkataba: asilimia fulani ya wafanyakazi watoke shehia, taka zake azitoe mwenyewe, kisima chake kisikaushe visima vya jirani.

Malipo kwa mafundi yawe kwa hatua. Kianzio, paa likikamilika, mvua ya kwanza ikipita. Ile ya mwisho izuiwe mpaka ninyi na fundi msimame pamoja chini ya dari siku ya mvua.

Hatua ya 7: Msiwafukuze wanaouza

Mtaa ukianza kupendeza, mtu atapendekeza kuondoa wauza urojo, mishkaki, kahawa na mitumba. Kataeni. Hao ndio macho ya mtaa usiku. Pale Forodhani wauza vyakula walirudi, wakapangiwa sehemu na taa, na jioni ndio hao hao wanaowavuta watu bustanini. Wapangieni: saa, nafasi ya mkokoteni wa mgonjwa na jeneza kupita, ndoo ya taka, na bomba la kuoshea.

Tamasha nalo ni zuri. Sauti za Busara imekuwa ikiijaza Ngome Kongwe tangu 2004, na mwezi wa Februari kila chumba cha wageni kinatafutwa. Ila mwaka 2016 haikufanyika kwa kukosa fedha. Duka lililotegemea wiki moja ya tamasha lilijua maana yake. Wekeni nguvu zaidi kwenye wateja wa kila siku, yaani wakaazi wanaonunua mkate na mafuta ya taa.

Hatua ya 8: Lindeni watu wasihamishwe na mafanikio yenu

Hili ndilo jambo ambalo sijaona mtaa wowote ukilifanya vizuri vya kutosha. Nyumba ikitengenezwa inapata bei. Shela, kule Lamu, nyumba nyingi zimenunuliwa na wageni wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Kuta safi, milango imefungwa, mtoto wa kutumwa dukani huna. Mjini kwetu vyumba vya kukodisha kwa usiku mmoja mmoja vinaenda njia hiyo.

Yapo machache ya kufanya. Warithi wakubaliane kwa maandishi kwamba anayetaka kuuza hisa yake aanze kwa ndugu, kisha mpangaji, kisha mtu wa nje. Nyumba iliyopata fedha ya mfuko wa mtaa isigeuzwe nyumba ya wageni kwa miaka kadhaa mtakayokubaliana, au irudishe fedha. Na kwenye daftari la hatua ya 2 ongezeni safu moja: wanaolala hapa usiku wa leo. Ihesabuni kila mwaka. Ikipungua huku kuta zikizidi kuwa nyeupe, simamisheni rangi mkae kikao.

Hatua ya 9: Ratiba ya matunzo

Mwezi wa Februari, kabla ya masika: vijana wapande mapaa yote ya eneo, watoe majani, mifuko na viota mifereji yote, na wapigie picha kila mfereji. Juni, masika yakiisha: daftari lile lile, nyumba zile zile, andikeni wapi palivuja. Julai mpaka Septemba, kipindi cha ukavu, ndipo pa kupiga chokaa na kubadilisha boriti. Oktoba, kabla ya vuli, pandeni mapaa tena, na safari hii angalieni pia viyoyozi na matangi yaliyoongezwa kimyakimya tangu Februari. Mtu akikataa kufungua mlango wa darini, sheha apande naye.